Shemeji anataka nilishushe, fundi anataka nilinyanyue

Mshauri, habari za kazi.

Nina miaka 36, nimeoa, nina watoto wawili, nafanya kazi Tanga mjini. Naomba jina langu liwe kapuni kwa sababu shemeji yangu huwa anasoma safu hii, ingawa akisoma hii atanijua tu.

Nina Toyota IST ya mwaka 2004, ya cc 1,300. Injini nzima, gia nzima, mafuta linakula kidogo. Shida yake ni miguu. Kila baada ya miezi miwili tunapanda Lushoto kwa mama mkwe. Kwenye barabara kuu kutoka Segera mpaka Mombo, basi likinipita gari linayumba kama mnazi wakati wa kusi, narudisha usukani mara mbili tatu ndipo litulie. Tukianza kupanda kuelekea Soni, kwenye zile kona, linalala upande mpaka mke wangu anashika mlango. Nikiingia kona nimechangamka kidogo tu, pua inakwenda nje badala ya kufuata usukani. Wakati wa kurudi tukiwa watu wanne, na viazi na kabichi nyuma, kila tuta linagonga chini.

Kuna na mengine. Mguu wa mbele kushoto unagonga ko-ko-ko kwenye rasta na vishimo vidogo, lakini nikipanda tuta kubwa, kimya. Usukani unatetemeka nikifika 90, nikifika 105 unatulia. Alaimenti nimepima mara tatu mwaka huu na bado gari linavuta kushoto. Tairi ni 185/65R15. Za mbele nilinunua mpya mwaka jana, na ya kushoto imeshaanza kulika ukingo wa ndani. Za nyuma ni zile zile nilizolikuta nazo, zina kashata (meno) nzuri tu, ubavuni zimeandikwa 2214. Shokapu sijabadilisha tangu ninunue gari, mwaka wa tano huu.

Mwezi uliopita kikoba chetu kiligawana, nikapata shilingi 1,800,000. Mke wangu amekubali ziende kwenye gari, kwa sharti kwamba baada ya hapo gari lisiombe hela mpaka mwakani.

Sasa nina washauri watatu. Wa kwanza ni shemeji, mdogo wake mke wangu, anayependa magari kuliko chakula. Ana rimu za inchi 17 zenye tairi 205/40R17, na springi fupi za kushusha gari sentimita 4. Vyote ananipa kwa 1,500,000, kufunga bure. Anasema gari likikaa chini haliyumbi, ndiyo maana magari ya mashindano yanalala barabarani. Siku ile nilipoziona nikapandwa na mzuka, nikampa kishika uchumba laki mbili.

Wa pili ni fundi wangu. Yeye anasema dawa ni spesa, vile vipande vya kunyanyulia springi, za sentimita 3 miguu yote minne, 120,000 na ufundi wake, halafu matuta nitayasikia kwa wenzangu.

Wa tatu ni mke wangu: “Tengeneza kilichoharibika.” Nikaenda kuuliza bei madukani. Tairi nne 640,000. Shokapu nne 620,000. Amu mbili za chini (vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele) na bushi zake za mpira 180,000. Linki mbili za stabilaiza 50,000. Mauntini mbili za shokapu 90,000. Alaimenti na balansi 60,000. Ufundi 150,000. Jumla 1,790,000. Yaani hela yote imekwisha, na mtu akiliona gari hajui kama limeguswa.

Niseme ukweli. IST hapa Tanga ziko kama pweza. Na mimi nilitaka angalau mara moja nikiegesha gari mtu ageuke. Isitoshe, shemeji huyu ndiye aliyenipa laki nne mtoto wetu alipolazwa miaka miwili iliyopita, na mpaka leo hajawahi kuniuliza. Nikimwambia sitaki rimu zake nitamtazamaje? Nikizichukua, mke wangu nitamtazamaje? Naomba mwongozo.

Dereva wa Soni, Tanga

*

Ndugu yangu Dereva wa Soni,

Umesema una washauri watatu. Mimi nimehesabu wanne. Wa nne ni wewe mwenyewe, yule aliyetoa laki mbili kabla hajafika nyumbani kuuliza. Huyo naye tumsikilize, si mjinga. Kutaka kitu kizuri baada ya miaka mitano ya kuendesha gari la kubebea viazi si kosa.

Hata hivyo, shemeji na fundi, kwa kuvutana kwao, wamekufanya uamini kwamba tatizo la gari lako ni kimo: liko juu mno au liko chini mno. Nimeisoma barua yako mara mbili na nimeona magonjwa matano tofauti. Kimo kinahusika kwenye moja tu, na hata hilo sina hakika nalo. Niyapitie moja moja, kwa sababu ukishajua kipi kinasababisha nini, huenda hata orodha ya mke wako ikapungua.

Nianze na tairi za nyuma, ambazo umezitaja kama jambo dogo. Hizo namba 2214 ni tarehe ya kuzaliwa: wiki ya 22 ya mwaka 2014. Watengenezaji wengi wa tairi wanasema tairi likifikisha miaka kumi liondolewe hata kama kashata bado ndefu, kwa sababu mpira hukauka ukawa mgumu na nyuzi za ndani huachia. Kashata yake nzuri ndiyo inayokudanganya. Na kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele kama lako, watu hupeleka tairi mpya mbele na kuacha kongwe nyuma, kama ulivyofanya. Mvua ikinyesha kwenye kona ya kushuka, tairi za mbele zikishika na za nyuma zikiteleza, gari linazungusha kiuno, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Mbele ikiteleza, unaachia mafuta, gari linapungua mwendo na kushika tena. Ndiyo maana ushauri wa kitaalamu ni kwamba ukinunua tairi mbili tu, mpya ziende nyuma. Mengine yote katika barua hii nitakuachia uamue mwenyewe. Hili la tairi za 2014 na barabara ya Soni, nakuomba lisisubiri lolote.

Ukiwa hapo hapo kwenye tairi, pima upepo asubuhi kabla hujaliendesha, ulinganishe na kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi za nyuma zenye upepo pungufu zinatosha kulifanya gari lielee linapopitwa na basi, na kipimo hicho hakigharimu kitu.

Mtetemo unaokuja ukifika 90 na kuondoka ukifika 105 ni lugha ya balansi, au ya rimu iliyopinda. Kitu kilicholegea kwenye usukani hakichagui spidi ya kujificha hivyo. Gurudumu likiwa kwenye mashine ya balansi, mwambie fundi alizungushe taratibu huku wewe umesimama mbele yake ukitazama ukingo wa rimu. Kama rimu inacheza ngoma utaiona kwa macho.

Halafu ile ko-ko-ko. Hapa umenisaidia sana kwa kusema kwamba kwenye tuta kubwa ni kimya. Chuma cha stabilaiza kinaunganisha mguu wa kushoto na wa kulia, na kazi yake ni kukataa mguu mmoja kupanda peke yake. Ukipanda tuta, miguu yote miwili inapanda pamoja, chuma hakisokotwi, linki hazina kazi. Ukipita kishimo cha upande mmoja, chuma kinasokotwa, na kama linki imechoka ndipo inapogonga. Siwezi kuapa nikiwa mbali, lakini kwa maelezo yako linki ya kushoto ndiyo mshukiwa wa kwanza. Na linki iliyolegea inaichelewesha stabilaiza kushika, kwa hiyo gari linalala kwanza ndipo lizuiwe. Yaani sehemu ya ule mlalo unaomfanya mke wako ashike mlango inaweza kuwa inatoka kwenye kitu cha shilingi 50,000.

Kuipima ni rahisi. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yote, ingiza mkono nyuma ya gurudumu, ishike linki uitikise kwa nguvu. Ikicheza au ikitoa mlio, imekwisha. Kisha piga jeki mbele, weka stendi chini ya bodi (usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake), gurudumu lining’inie. Shika tairi kushoto na kulia ulisukume na kulivuta: likicheza, angalia tairodi, chuma kinachounganisha usukani na gurudumu. Shika juu na chini: likicheza, ni beringi au boljointi (kiungo kati ya amu na gurudumu), na mtu wa pili aangalie ni ipi inayosogea. Pitisha mtalimbo chini ya tairi ulinyanyue kidogo kidogo, boljointi mbovu itaonesha mwanya. Mwisho chukua tochi uangalie bushi kubwa ya nyuma ya amu ya chini, ile inayobeba kishindo cha breki. Isukume kwa mtalimbo bila hasira. Mpira ukiwa umechanika nusu duara, umepata sababu ya alaimenti yako kutokaa.

Hili la alaimenti linawapotezea watu hela nyingi. Mashine inapima gari lililosimama. Bushi ikiwa imechanika, ukikanyaga breki mguu unarudi nyuma na gurudumu linageukia kwingine, vipimo vya mashine vinabaki kwenye karatasi. Kwa gari lako, kinachorekebishika mbele kwa kawaida ni urefu wa tairodi tu, yaani magurudumu kutazama ndani au nje. Mlalo wa gurudumu, juu kuingia ndani au kutoka, kiwanda hakikuuwekea skrubu ya kurekebisha, na nyuma hakuna cha kugusa kabisa. Kwa hiyo ukienda mara ya nne, dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Mlalo wa gurudumu la kushoto ukitofautiana na wa la kulia kwa zaidi ya nusu digrii, kuna kitu kimepinda au kimechoka, na hakuna wingi wa kuzungusha tairodi utakaokiponya. Tairi lako la kushoto kulika ndani linaelekea huko huko.

Nimeacha shokapu mwisho kwa makusudi, kwa sababu watu wanazipa kazi isiyo yake. Uzito wa gari unabebwa na springi. Shokapu inazuia springi isiendelee kudunda. Kwenye kona ndefu, kiasi cha gari kulala kinaamuliwa na springi, stabilaiza na kimo cha gari. Shokapu inaamua kasi ya kulala na kuinuka. Kwa hiyo usitegemee shokapu mpya zifute mlalo wote. Zitakachofuta ni ule mnazi wako: basi likipita, gari litasukumwa mara moja na kutulia mara moja. Kile kipimo cha kukandamiza boneti uone linadunda mara ngapi kinakamata shokapu iliyokufa kabisa tu. Iliyochoka nusu hupita. Tazama zaidi mafuta yaliyovuja kwenye mwili wake, na upapase tairi. Kashata ikiwa na mabonde mabonde kila baada ya kiganja kimoja, gurudumu limekuwa likiruka.

Sasa nirudi kwa watu wako.

Shemeji hajasema uongo. Gari lililo chini kweli halilali sana kwenye kona, na springi ngumu kweli huitikia upesi. Ila chukua kalamu tuhesabu. Tairi lako la 185/65R15 lina ukuta wa mpira wa milimita 120 kati ya rimu na barabara. La 205/40R17 lina milimita 82. Kipenyo cha lako ni kama milimita 621, la kwake 596, hivyo gari linashuka milimita 12 au 13 hata kabla ya springi, na spidomita itasoma kama asilimia 4 zaidi ya mwendo halisi. Jumlisha na zile milimita 40 za springi, umepoteza zaidi ya sentimita 5 kwenye gari ambalo leo linagonga matuta. Springi fupi zinafungwa juu ya shokapu zile zile ambazo hujabadilisha tangu ununue gari. Safari ya mguu inafupika, mpira wa kuzuia kishindo unaguswa mapema, na mpira huo ukiguswa katikati ya kona gari hushtuka na kuteleza. Amu za chini zinabadilika pembe, juu ya magurudumu kunaingia ndani, na ule ukingo wa ndani unaolika sasa utalika zaidi. Kuhusu magari ya mashindano, yale yaliyo chini yanakimbia kwenye lami laini kama meza. Ya Safari Rally kule Naivasha nayo ni ya mashindano, na yanakaa juu.

Swali ambalo ningependa ujiulize ni la sharti la mke wako, kwamba gari lisiombe hela mpaka mwakani. Ukuta wa milimita 82 ukikutana na shimo, kinachopigwa ni rimu. Unaweza kuishi na hilo mjini ukijua kila shimo lilipo. Wapo wanaoishi nalo kwa furaha. Je, wewe unaishi hivyo, au unapanda milima na viazi?

Fundi naye ana hoja kwa mtu anayeishi barabara ya vumbi yenye mawe. Lakini spesa haiongezi nguvu ya springi. Kama springi ya nyuma imechoka, inabaki imechoka, imesimama juu ya kigoda tu. Gari linapanda sentimita 3, uzito unapanda nalo, na mlalo unaoulalamikia unaongezeka. Mbele, sivijointi, viungo vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, zinafanya kazi kwa pembe kali zaidi, mipira yake inachanika upesi, grisi inatoka, mchanga unaingia. Ukiamua kunyanyua, angalau usikubali za mbao wala za vipande vya tairi, na hakikisha bolti za juu zinabaki na nyuzi za kutosha za kushika nati.

Kabla ya kumjibu, pima. Gari likiwa tupu mahali tambarare, chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi juu yake, magurudumu yote manne. Kisha mtafute mwenye IST ya umri huo huo ambaye gari lake haligongi, upime na lake. Maana umesema ziko kama pweza, zitumie. Lako likiwa limeshuka nyuma sentimita 2 au 3 kuliko la mwenzako, springi za nyuma zimechoka na jibu ni springi mpya za kimo cha kawaida. Vikiwa sawa, basi unalijaza kupita kiasi, au shokapu za nyuma hazizuii, na kabichi zinaweza kupanda basi.

Mke wako ndiye aliye karibu zaidi na gari lenyewe, ila orodha uliyoleta kutoka dukani inabadilisha kila kitu bila kupima kitu. Mfano tu: ukinunua tairi mbili za nyuma badala ya nne (320,000), shokapu nne, amu mbili, linki, mauntini, alaimenti, balansi na ufundi kama ulivyoandika, inakuja 1,470,000. Inabaki 330,000, au 130,000 kama kishika uchumba hakirudi. Na kipimo cha mtalimbo kikionesha amu nzima, unaongeza 180,000 mfukoni. Hatari ya njia hii iko kwenye tairi la mbele kushoto. Tafuta vile vijinundu vilivyo chini ya mifereji ya kashata. Ukingo wa ndani ukiwa umefika usawa wake, imebaki milimita 1.6, na hapo inabidi ubadilishe matatu au manne.

Kuna makosa ya ufundi yanayoweza kuiharibu hela yote hii. Shokapu zinabadilishwa mbili mbili kwa ekseli. Za mbele zikitoka, mpira wa kuzuia kishindo na buti la vumbi vibadilishwe hapo hapo. Nati ya juu ya shokapu ya mbele haifunguliwi mpaka springi ibanwe kwa kibanio chake. Fundi akija na waya au kamba, muage kwa heshima, springi ile ina nguvu ya kuvunja taya. Na hili wengi hawalijui: bolti zinazopita kwenye bushi za amu zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu. Zikikazwa mguu ukining’inia, mpira unakaa umesokotwa muda wote na bushi mpya inachanika upesi, halafu lawama anapewa muuza spea. Alaimenti iwe ya mwisho, baada ya siku mbili tatu za kuendesha.

Kuna na njia ambayo hakuna kati ya watatu aliyekupa. Miguu ikishapona, bakiza kidogo kidogo utafute rimu za aluminiamu za inchi 15 za mtumba, zenye matundu manne na umbali wa milimita 100 kati ya matundu yanayotazamana, zinazopokea tairi zako hizi hizi. Mtu atageuka, na ukuta wa mpira utabaki milimita 120. Au chukua springi za kushusha kidogo tu, sentimita 2, juu ya shokapu mpya, ukubali kwamba viazi vitapungua. Ukitaka kuendelea baadaye, mimi ningeweka hela kwenye tairi bora zaidi, kisha kubadilisha mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu na yanafaa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili. Mafuta yenye maji huchemka kwenye mteremko mrefu na pedali inazama. Na ukishuka kutoka Soni, shuka kwa gia ndogo. Stabilaiza nene ya nyuma inapunguza ile pua kutoka nje, ila inafanya hivyo kwa kuzipunguzia tairi za nyuma mshiko, kwa hiyo isifungwe juu ya tairi za kukisia. Lile bomba la kuunganisha minara ya mbele (pale shokapu zinaposhika juu) chini ya boneti linapendeza, na kwa gari kama lako hutalisikia. Hiyo pua yenyewe, kwa upole tu, nyingine inaponywa kwa kuingia kona na kilomita kumi pungufu.

Nimalizie na laki nne. Ulipewa mtoto akiwa hospitali, na ulizipokea kwa shukrani. Sioni mahali palipoandikwa kwamba zinalipwa kwa rimu. Unaogopa shemeji ataumia, lakini hujamwuliza. Mtu anayependa magari hivyo huenda akaumia zaidi akisikia ulimkwepa kuliko akisikia linki yako imekufa. Vipi ukimwita siku ya kupima, ashike yeye mtalimbo? Anajua maduka, anajua shokapu feki na halisi, na ile laki mbili inaweza kugeuka kuwa spea zitakazopita mkononi mwake. Inawezekana pia akanuna, au laki mbili zisirudi. Hilo lipo, na ni bora ulipime na mke wako mapema kuliko alisikie kwa mdogo wake. Mweleze na lile la mtu kugeuka. Kwenye barua umelisema vizuri, sina hakika kama nyumbani umewahi kulisema.

Na kama shemeji anasoma hapa: springi zako hazijatukanwa.

Jumamosi hii, futi kamba, tochi, mtalimbo, stendi mbili. Andika vile vimo vinne kwenye karatasi na umwoneshe shemeji karatasi hiyo kabla hujamwambia neno lolote la hela.